Mikarafuu Iliyokufa Ikisimama

Nilifika upande wa Gando, Pemba, kwa sababu gari liliharibika. Nilikuwa utingo wa lori lililobeba nazi na magunia ya makonyo, vile vijiti vya karafuu, kuelekea Wete, na siku hiyo ekseli ilikatika kwenye kilima. Dereva alirudi mjini kutafuta fundi, akaniacha nilinde mzigo. Hakurudi siku ile wala ya pili yake. Nilipochoka kulinda nikaanza kuwauliza watu maswali, na kabla sijachoka kuuliza nikawa nimeshapata kazi nyingine. Kazi zangu nyingi nimezipata hivyo. Skuli niliiacha darasa la nne, na hakuna aliyenifukuza. Nilitaka tu kujua ile njia iliyopita nyuma ya skuli yetu, kule Micheweni, inakwenda kuishia wapi.

Kazi niliyoipata ilikuwa ya sakafuni. Karafuu zikishachumwa na kuchambuliwa, humwagwa juani, hugeuzwa, huchungwa zisinyeshewe, na jioni hukusanywa. Ni kazi ya kutazama mawingu. Mwenye sakafu tulimwita tajiri, kama wafanyakazi wa visiwani wanavyomwita kila anayewapa kazi, hata akiwa na viraka. Huyu wetu hakuwa na viraka, lakini hakuwa tajiri vile pia. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini, aliyependa kusema jambo mara moja na kuondoka kabla hujajibu.

Shamba lake, kama mashamba mengi ya Pemba, halikuwa mahali pamoja. Kipande kimoja kilikuwa nyuma ya nyumba, kingine ng'ambo ya njia, kingine kilikuwa mteremkoni, juu ya bonde la mpunga. Hicho cha mteremkoni ndicho alichokipenda. Mikarafuu yake ilipandwa na babu yake, ilikuwa mirefu kupita yote ya jirani, na wachumaji walisema ukiwa kileleni unaiona bahari pande mbili. Lakini miaka ile ugonjwa ulikuwa umeingia. Mkarafuu uliokuwa mzima mwezi huu, mwezi unaofuata majani yake yalikuwa ya rangi ya kahawa, na baada ya hapo ulibaki umesimama mkavu, mweupe, bila jani. Karibu nusu ya mikarafuu ya mteremkoni ilikuwa hivyo. Tajiri alitaka kuikata, awauzie kuni watu wa tanuri la chokaa, apande miche mipya.

Hapo ndipo alipokutana na kanuni.

Masika moja kabla ya mimi kufika, udongo mwekundu ulikuwa umeporomoka kutoka miteremko kadhaa ukafunika mpunga wa watu. Baraza la mudiria, eneo letu lililokuwa chini ya mudir wa serikali, likakaa, likatoa kanuni kwamba mteremko wowote ulio juu ya bonde la mpunga usikatwe mti, mbichi wala mkavu, wala usilimwe muhogo, mpaka sheha wa mtaa na mudir watoe kibali. Sheha alipita na ndoo ya chokaa, akapaka mawe kuonyesha mwisho wa mahali palipokatazwa. Tajiri aliomba kibali. Sheha akaja, akatazama, akasema angoje. Akaja tena, akatazama tena, akasema bado. Tajiri akachukua mtu mwenye shoka, akakata mmoja. Mmoja tu, ule uliokuwa karibu na njia, na kisiki akakichimbua kabisa.

Aliitwa kwa mudir. Hakutozwa kitu, alipewa onyo. Kilichomuuma, kwa alivyosimulia mwenyewe, ni kwamba aliwekwa ukumbini pamoja na watu walioshitakiwa kwa mbuzi wao kula mahindi ya jirani, na karani mmoja mdogo alimwuliza mbele yao ule mti ulimkosea nini. Watu wa mbuzi walicheka. Tajiri alirudi Gando kwa miguu njia yote jioni ile, akakataa kupanda gari ya abiria ya shamba kwa sababu wale wa mbuzi walikuwamo.

Baada ya hapo hakuwa na mazungumzo mengine ila hayo. Mazungumzo yalifanyika kwenye baraza ya duka, baada ya sala ya alasiri, na mimi nilikuwapo kwa sababu karafuu zikishakusanywa sikuwa na la kufanya na nilipenda kusikiliza. Waliokaa hapo walikuwa wengi na walibadilika, lakini watatu hawakukosekana: tajiri, mwenye duka, na mzee mmoja mfupi aliyekuwa na minazi mingi na meno machache. Walisema kwamba wenye mashamba wa Wete na Chake walikuwa wanakusanya sahihi kupeleka Unguja, kwenye Baraza la Kutunga Sheria, itungwe sheria ya kulinda mali ya mtu dhidi ya kanuni za mabaraza ya mitaani. Kila mahali kulikuwa na kanuni na kila mahali kulikuwa na mtu aliyeudhika. Wengine walikatazwa kuziba njia, wengine kuchimba mawe, wengine kufunga ng'ombe. Kila upande ulitakiwa uandike maombi yake, kisha mtu angetoka Unguja kuja kuyasikiliza.

Ilikuwa miaka ambayo watu walipenda kuomba sheria. Vyama vilikuwa vimeanza, kila mtu alijua mtu aliyemjua mtu wa Unguja, na ilionekana kwamba ukiandika vizuri utasikilizwa. Miaka michache baadaye serikali nyingine ilisema ardhi yote ni yake, na mambo yote haya yakawa ya zamani kwa siku moja. Wakati ule hakuna aliyekuwa na wazo hilo kichwani.

Tajiri alikwenda Wete akakaa na karani wa wakili mmoja, akarudi na sentensi aliyoihifadhi kwa moyo. Alisimama barazani akaisoma hewani, mikono nyuma:

"Mwenye ardhi ndiye mwenye kila kilichosimama juu yake, wala asiingiliwe na baraza lolote la mtaa katika kukikata, kukiuza au kukiacha."

"Ina harufu ya mahakama," mwenye duka akasema.

"Ina harufu ya karani," mzee wa minazi akasema. "Lakini nzuri. Hebu isome tena, yakhe."

Akaisoma tena. Waliipenda. Nadhani waliipenda kwa mlio wake. Mimi ndiye niliyeiandika, kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka, na juu na chini tukaweka salamu na heshima zinazotakiwa. Nakala moja ilipelekwa Wete ikapigwe taipu. Nyingine nilipewa niizungushe vijijini, na kitambaa kilicholoweshwa wino ndani ya kopo la pomedi, kila mwenye ardhi aweke dole gumba.

Kazi hiyo niliipenda kuliko ya sakafuni. Niliingia nyumba ambazo nisingeingia, nikaona watu wanavyolitazama dole lao baada ya kulibonyeza, kama vile limefanya jambo bila kuwauliza. Mmoja alilinusa. Mwingine alikataa kunawa mpaka mkewe arudi aone. Wengine waliniuliza sheria itaanza lini. Hakuna aliyeniuliza neno lile "kilichosimama" linahusu nini, wala mimi sikuwaza kuuliza, na kwa kawaida mimi huuliza.

Bondeni, chini ya ule mteremko, palikuwa na kiambo. Ni nyumba chache zilizokaa karibu karibu kuzunguka makaburi ya mtu mmoja wa zamani, na wote waliomo ni uzao wake. Mkubwa wao siku hizo alikuwa bibi mmoja mjane, mnene, mwenye miguu mizito, aliyeshinda ukumbini akisokota kamba za usumba wa nazi. Kila msimu wa karafuu ukianza tajiri alimpelekea pakacha la mchele na samaki mkavu. Nilishawahi kulipeleka mimi. Nilidhani ni ujirani.

Nilipiga hodi, nikaamkia, akanikaribisha na kunipa muhogo wa kuchemsha. Nikamwambia nimetumwa na nani na kwa jambo gani. Alisema yeye hajui kusoma, nimsomee. Nikasoma. Akaacha kusokota. Akasema nirudie ile ya katikati, polepole.

Nikarudia.

"Haya ameyasema yeye mwenyewe?"

"Ndiyo, bi mkubwa."

"Ni mzima? Hana homa?"

"Mzima."

"Wala hakulazimishwa na ntu?"

Nikamwambia hakulazimishwa, na kwamba kila mtu pale dukani alisifu. Alicheka kwa tumbo, bila sauti, mpaka kamba ikamtoka mguuni. Kisha akafuta dole gumba kwenye kanga, akalibonyeza wino, akaliweka kwenye karatasi, mahali pa wazi, mbali kidogo na madole ya wengine.

"Mpelekee salamu," akasema. "Mwambie nimekubali. Na mwambie karafuu za msimu ujao nitazianika mwenyewe. Majamvi ninayo."

Nilipanda mteremko nikielewa kila hatua zaidi kidogo. Kwetu Micheweni ardhi ni mawe matupu, mtu hugombea kisima, hagombei ardhi, kwa hiyo mambo haya sikuyajua vizuri. Lakini nilikuwa nimeyasikia vipande vipande kwa wachumaji. Upande ule wa Pemba ardhi na mti ni mali mbili. Ardhi inaweza kuwa ya watu wa kiambo, minazi iliyo juu yake ikawa ya mtu wa kijiji cha pili, na mikarafuu iliyo kati ya minazi ikawa ya mtu wa tatu, na wote watatu wakazika pamoja na kuoana bila matata. Aliyetaka kupanda alikwenda kwa wenye ardhi akaomba mahali. Akipewa, mti ukawa wake, na ukarithiwa na wanawe. Ardhi ilibaki ya wenyewe, na kila msimu mwenye miti aliwapelekea kitu kuonyesha kwamba hajasahau. Babu wa tajiri aliomba. Mteremko wote ule, kutoka mawe yaliyopakwa chokaa mpaka bondeni, ulikuwa wa kiambo cha yule bibi. Tajiri alikuwa na miti.

Kila mtu alilijua hilo, na tajiri alilijua kuliko wote. Ila alikuwa amezoea kusema "shamba langu", na aliposimama na sentensi ya Wete mdomoni alijiona ndani yake.

Nilimkuta anafunga gunia. Nikampa karatasi, nikamfikishia salamu. Alilitazama dole la yule bibi, akacheka, akasema mama yule hajaacha mzaha wake. Akaendelea kufunga gunia. Kisha mikono ikasimama.

"Alisemaje kuhusu majamvi?"

Nikarudia. Akakaa juu ya gunia.

Kesho yake barazani ilionekana kwamba habari imefika kabla yetu. Mzee wa minazi alikuwa amekuja mapema, na mwenye duka hakuwa amefungua mlango wa pili, ambayo kwake ilikuwa dalili ya wasiwasi. Tajiri akasema sentensi ina kasoro ndogo, ibadilishwe. Isomeke kwamba mwenye ardhi ni mwenye kila kilichosimama juu yake, isipokuwa miti.

Mzee wa minazi akamwambia kwamba hilo halifai, maana kama miti imetolewa, miti ndiyo itakayobaki chini ya kanuni za mudir, na wao walikuwa wanaomba kwa sababu ya miti. Akauliza, isipokuwa miti, kimebaki nini? Kuku?

"Kimebaki duka," mtu akasema kutoka nyuma.

Hapo ndipo mwenye duka alipokumbuka kwamba duka lake limejengwa kwenye kiwanja cha mzee wa minazi, kwa ruhusa ya mdomo, tangu wakati wa vita.

"Kwa hiyo duka langu?" akauliza.

"Nimelipenda," mzee wa minazi akasema. "Ila sukari utaendelea kuileta wewe."

Walicheka, lakini mwenye duka alicheka baada ya wengine, na baadaye kidogo aliuliza tena kama ni mzaha. Wakajaribu njia nyingine. Iandikwe kwamba mwenye mti ana haki juu ya mti wake kama vile mwenye ardhi juu ya ardhi yake. Hilo lilikaa vizuri kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa. Kisha mtu akauliza, mwenye mti akitaka kukata na mwenye ardhi hataki, nani atawaamua? Wakafikiri. Mtu akasema atawaamua sheha. Tajiri akainuka akaenda zake.

Alitaka kuirudisha ile nakala ya Wete, lakini ilikuwa imeshapigwa taipu na kuchanganywa na maombi ya watu wengine, na tarehe ya mgeni wa Unguja ilikuwa imetangazwa. Tajiri mwenyewe alikuwa ameandikwa kuwa msemaji wa upande wetu. Watu wa Wete walimwambia sentensi yake ndiyo nzuri kupita zote zilizoletwa, na kwamba itasomwa ya kwanza.

Siku chache baadaye aliniita nifuatane naye bondeni. Alivaa kanzu na kofia kana kwamba anakwenda kuposa. Yule bibi alimpokea kwa heshima zote, akatuwekea mkeka, akauliza hali ya kila mtu wa nyumba yake mmoja mmoja. Tajiri akazunguka sana, akafika kwenye alilolijia. Alitaka kuununua mteremko.

"Kuuza siwezi, mwanangu," bibi akasema. "Si yangu peke yangu. Ni ya hawa." Akanyoosha mkono, sikujua kama anaonyesha nyumba au makaburi. "Kuuza siwezi. Kudai ndiyo naweza."

Tajiri akamwambia hakuna haja ya kudaiana, kwamba yale maneno aliyaandika kwa ajili ya mudir, si kwa ajili yake. Bibi akasema anaelewa. Akasema hata bila ya maneno yale yeye alikuwa na furaha, kwa sababu alisikia tajiri anataka ruhusa ya kuikata ile mikavu yote.

"Iliyokufa," tajiri akasema. "Nipande mingine."

"Upande wapi?"

"Palepale."

Bibi akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayemkatalia mtoto kitu cha hatari.

"Babu yako aliomba mahali pa miti. Ile. Alipewa, na wazee wangu hawakuvunja neno, wala sisi hatujavunja. Nti unaposimama, mahali ni pake, mbichi au mkavu, hata mweupe kama mfupa. Unapoondoka, mahali panarudi kwetu. Ukitaka kupanda tena, unaomba tena. Na sasa nina wajukuu."

Tajiri akasema babu yake hakuambiwa hivyo.

"Babu yako hakuambiwa kwa sababu hakukata," bibi akasema. "Nenda juu ukaone pale ulipokata."

Tulipanda mteremko. Sikumbuki kama aliaga. Pale karibu na njia, alipokuwa amekata ule mmoja na kuchimbua kisiki, shimo lilikuwa limefukiwa na kusawazishwa, na katikati yake palikuwa na mche wa mkarafuu, wenye majani manne au matano, umefunikwa kwa makuti mawili ya mnazi usipigwe na jua. Udongo wake ulikuwa na unyevu. Mtu alikuwa anaumwagilia kila siku, na njia ya miguu yake ilionekana ikishuka moja kwa moja mpaka kiambo.

Tajiri alisimama hapo muda mrefu. Mimi nilitazama mikarafuu mikavu iliyobaki, imesimama juu yetu pande zote. Nilijaribu kuhesabu mashimo. Nadhani naye alikuwa anahesabu.

Alikuwa amekwenda kwa mudir, amesimama na watu wa mbuzi, amekwenda kwa karani wa wakili, amekusanya madole ya nusu ya mudiria, ili aruhusiwe kufanya jambo ambalo lingemtoa mteremkoni mti baada ya mti. Na kilichomzuia asilifanye mara moja, kwa shoka lake mwenyewe, ni kanuni ya baraza na ndoo ya chokaa ya sheha. Hakuyasema haya. Alisema tu mche ule umepandwa karibu mno na njia, utakuja kuvunjwa na ng'ombe. Akasogeza kuti moja likae vizuri. Tukarudi.

Mkutano wa Wete ulifanyika chumba cha skuli. Watu wakubwa walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Mgeni wa Unguja alikuwa mpole, mwenye miwani, anayesema "ndiyo, ndiyo" kwa kila jambo na kuandika machache. Yule bibi alikuja kwa gari ya shamba pamoja na wapwa zake, wakakaa upande wa wanawake karibu na dirisha. Wengi walimshangaa, maana wanawake waliokuja walikuwa wachache na wote walikuwa wa mjini.

Sentensi ilisomwa ya kwanza, kama walivyoahidi. Watu wakaisifu kwa miguno. Mgeni akaomba msemaji wa upande ule asimame aeleze.

Tajiri akasimama. Akasema, kwa ile sauti yake ya chini, kwamba watu wa upande wake wamefikiri tena. Akasema mambo ya miteremko ni mazito, yanahusu mpunga wa watu, na baraza la mudiria limeyatazama kwa karibu kuliko watu wa Unguja wanavyoweza kuyatazama. Akasema kanuni iliyopo ina faida zake. Akaomba maombi ya upande wake yatolewe katika yale mengine.

Kulikuwa na minong'ono. Mtu wa Chake akasema kwa sauti kwamba huyu ameshanunuliwa na mudir. Mgeni akavua miwani.

"Sijafahamu," akasema. "Wewe si mwenye ardhi?"

Nilimwona tajiri akitazama upande wa dirisha.

"Mimi nina miti," akasema.

Wale wa mjini walicheka, kwa sababu walidhani ni mtu wa shamba asiyejua kujibu. Watu wa Gando hawakucheka hata mmoja. Mwenye duka alikuwa anatazama sakafu. Kisha yule bibi akaomba ruhusa ya kusema, akapewa, akasema yeye ni mwenye ardhi, dole lake limo, na maombi yabaki kama yalivyo maana yameandikwa vizuri sana. Mgeni akaandika. Akamwuliza tajiri kama ana la kuongeza. Tajiri alikuwa ameshakaa kwenye dawati lake.

Kuhusu sheria yenyewe, sikusikia ikitoka. Huenda iliandikwa mahali, huenda ilikaa kwenye meza ya mtu. Pale dukani hawakuitaja tena, ila mzee wa minazi aliendelea kwa muda kuingia dukani akiuliza hali ya duka lake, mpaka mwenye duka akawa hamjibu. Sheha, ambaye hakuambiwa mengi, alifika siku moja na habari njema. Alimwambia tajiri kwamba mudir amekubali, kibali kimetoka, mikavu yote inaweza kukatwa wakati wowote. Tajiri alimshukuru sana, akamkaribisha chai na mkate wa kumimina. Akamwambia kwamba hana haraka.

Mimi nilikaa pale mpaka karibu na masika. Kazi ya sakafuni ilikuwa imekwisha, lakini tajiri alinipa nyingine, ambayo sijapata kuisikia kwa mtu mwingine yeyote. Mizizi ya mkarafuu uliokufa huoza, na upepo wa masika ukija na udongo umelowa, mti huanguka wenyewe. Tulikwenda kukata boriti za mikoko pwani, tukazibeba mpaka mteremkoni, tukawa tunaitegemeza mikavu kwa boriti hizo, mmoja mmoja, kwanza iliyoanza kuinama. Tajiri alichimba mashimo ya boriti kwa mikono yake. Alifunga kamba za usumba shinani, akatanguliza matambara ili kamba zisile gome, ingawa gome lilikuwa linabanduka lenyewe. Watu wa tanuri la chokaa walipopita kuulizia kuni aliwafukuza.

Asubuhi moja tulikuwa kwenye mkubwa kuliko yote, mvua za kwanza zimeshanyesha, udongo unateleza. Mti ulikuwa umelalia upande wa bonde. Yule bibi alipita chini na jembe begani akienda kwenye mpunga wake, akasimama akatutazama, mkono juu ya macho.

"Mgonjwa hajambo?" akauliza kutoka kule.

"Hajambo, bi mkubwa," tajiri akajibu, bila kugeuka. "Amelala tu."

Bibi akasema Mungu amjaalie, akaenda zake. Tajiri akaupokea mti begani, akasubiri kidogo asikie kama umetulia, kisha akaniambia nisukume boriti.

"Polepole," akasema. "Usiutikise."